Mikono ya Somoe na Mabega ya Uzimani

Alikuwapo mwanamke na ilikuwapo nchi. Mwanamke aliitwa Somoe, na nchi iliitwa Uzimani. Namna alivyofika huko haituhusu; alifika, miguu imejaa vumbi, na hilo latosha. Linalotuhusu ni kazi aliyoitiwa, na jinsi serikali ya nchi ile ilivyojitahidi, kwa moyo mweupe kabisa, kuiharibu.

Somoe alitoka Tambuo, ambako kila mtu hufundishwa kutambua kitu kimoja tu maishani, basi. Mjomba wake alitambua maziwa yaliyoanza kuchacha hata yakiwa ndani ya chungu kilichofunikwa, lakini mkewe akipita njiani alimsalimu kama mtu baki. Mikono ya Somoe ilifundishwa kutambua kipokezi. Kipokezi ni sikio dogo, dogo kama punje ya dengu, linaloota begani kwa mlinzi wa kweli, na kwa sikio hilo mlinzi husikia nyayo za adui upande wa pili wa ukuta kabla macho hayajaona kitu. Viganja vya Somoe vikikutana na kipokezi viliganda papo hapo. Vikikutana na bega tupu viliteleza kama vilivyopakwa mafuta, na hakuwa na uwezo wa kuvilazimisha.

Tena alikuwa amechovywa rangi. Kabla ya safari, watu wa kwao walimzamisha katika pipa la rangi ya kijani, yeye pamoja na juba lake jeupe. Mchana rangi ile haikuonekana. Ila ukimweka gizani ukawasha taa ya buluu aliyokuja nayo, aling'aa, na popote mikono yake ilipoganda palibaki na mng'ao. Kwa hiyo kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza: Somoe ashike mabega ya walinzi, taa iwashwe, na wenye kipokezi waonekane. Kasoro ya rangi ile ilikuwa moja. Jua liliila. Kila saa aliyokaa juani ilimpunguzia mng'ao, na mtu wa Tambuo huchovywa mara moja tu maishani.

Aliyemwita alikuwa Mwinjuma, msimamizi wa Lango la Jeraha. Mahali hapo ukuta wa Uzimani ulikuwa umepasuka. Mafundi walikuwa wakiusuka kutoka pande zote mbili, lakini ufa bado ulimruhusu mtu kupita akijikunyata, na kwa ufa huo waliingia Wanyemelezi. Walikuja na ukungu, wakitambaa. Safu nzima ya nyumba za Mtaa wa Utando, ulio nyuma tu ya lango, ilikuwa imeshanyamaza. Mwinjuma alizaliwa mtaa huo, katika ukoo wa walinzi. Alikuwa mtu mpana, mwenye sauti ya kuita watu kutoka kilima cha pili, na siku Somoe alipofika sauti hiyo ilikuwa imekauka kwa mawazo.

"Walinzi ninao tele, Bi Somoe," alimwambia hata kabla hajamkaribisha maji. "Wamejipanga ukutani, wamevaa, wameshiba. Na Wanyemelezi wanapita katikati yao kama watu waendao sokoni."

"Hawasikii?"

Mwinjuma akageuka kutazama nyuma. "Swali hilo ni kosa kisheria. Ukiuliza tena, uliza kwa kunong'ona."

Ndipo akamweleza sheria za nchi. Uzimani walinzi hawakuajiriwa wala kufunzwa. Walikuwa walinzi wa kuzaliwa, ukoo kwa ukoo. Sheria ya Heshima ya Bega ilikataza mtu yeyote kumuuliza mlinzi kama anasikia, na ili kuwaondolea watu vishawishi, mabega yote ya walinzi yalifunikwa majoho mazito. Kipokezi huota nyuma ya bega, na mlinzi mwenyewe hawezi kukiona. Basi kila mmoja aliamini anacho kipokezi, kwa kuwa baba yake aliamini hivyo. Sheria ya pili iliitwa ya Utulivu. Zamani mlinzi akisikia nyayo alipiga kelele, mioto ikawashwa nchi nzima, watu wakatoka jasho na hamu ya kula ikapotea, mpaka adui afe. Wananchi walichoka na joto hilo, waliloliita homa. Sheria ikapitishwa kwamba kuwasha homa ni jinai, na walinzi waliosikia sana walifungwa.

"Kwa hiyo aliyesikia aliadhibiwa," alisema Somoe, "na asiyesikia akapandishwa cheo."

"Mimi ni msimamizi," alijibu Mwinjuma, na uso wake ukaonyesha kwamba maneno yale yalimkaa pabaya. "Nataka kujua ni nani wa kumweka ufani. Ukungu unakaribia. Ukinisaidia, mtaa utapona. Usiponisaidia, sitakulaumu, lakini hapatakuwa na mtu wa kukushukuru pia."

Somoe alitaka kuanza saa ile ile. Lakini mgeni Uzimani hawezi kuanza jambo kabla hajapokewa, na mapokezi yalikuwa na wizara yake.

Waziri wa Mapokezi aliitwa Mheshimiwa Marahaba. Alikuwa mzee mpole, mnene wa mashavu, anayependa watu kwa dhati. Hakuna aliyepata kumwona amekasirika. Yeye ndiye aliyeshikilia kwamba kupokea ni kupokea tu: mlinzi anayempokea mgeni vizuri ndiye mwenye kipokezi kizuri, maana maneno hayo ni ndugu wa tumbo moja. Katika nchi nyingine shikamoo husemwa. Uzimani ilishikwa. Mgeni akiingia, kila mlinzi alilishika pindo la vazi la mgeni huyo, akalipitisha chini ya joho na kulilaza begani, ngozi kwa nguo, akisema, "Nashika." Waziri alisimama kando akiitikia kwa niaba ya taifa, "Marahaba, marahaba," mpaka koo likamkauka.

Walimpokea Somoe uwanjani, jua la utosi. Walinzi walipita mmoja mmoja, wakashika pindo, wakalilaza begani, na kila mmoja akaachia Somoe alipokunywa funda la uji. Kulikuwa na hotuba, kisha shukrani kwa hotuba, kisha hotuba ya kupokea shukrani. Kesho yake wakampokea tena, kwa kuwa wakuu wa upande wa Ini, ng'ambo ya nchi, walichelewa sherehe ya kwanza na wangeona wamedharauliwa. Jioni Somoe alijifungia chumbani, akaziba dirisha kwa mkeka na kuwasha taa yake ya buluu. Viganja vyake vilivyokuwa vinawaka kama majani mabichi sasa vilikuwa vimepauka. Akakasirika hasa, hasira ya mtu anayeona kazi yake ikimwagwa na watu wanaotabasamu.

"Mheshimiwa," alimwambia Waziri asubuhi, "ukinipokea mara nyingine moja, utabaki na mgeni asiye na faida."

"Mgeni hana faida, mwanangu, mgeni ana heshima," alisema Mheshimiwa Marahaba kwa upole. Lakini Mwinjuma alikuwapo, na Mwinjuma aliposimama mlangoni hakuna aliyeweza kutoka, kwa hiyo ikakubaliwa kazi ianze.

Ghala la chumvi ndilo lililokuwa na giza la kutosha, halina dirisha hata moja. Walinzi waliketi kwa safu, majoho yamelegezwa. Somoe akapita kati yao. Kila aliyemfikia, kabla hajamgusa, tayari ameshalivuta pindo na kulilaza begani. "Nashika," walisema, na Waziri kule mlangoni akiitikia, huku mtumishi akimnywesha Somoe uji ili waachie. Walimzonga kiasi kwamba hakujua bega lipi ni la nani. Mikono yake iliteleza, ikateleza, mahali pachache ikaganda, kisha ikateleza tena.

Taa ya buluu ikawashwa. Ghala zima likawa kijani. Kila bega liling'aa, la mdogo na la mkubwa, hata la Mheshimiwa Marahaba mwenyewe, aliyekuwa amezaliwa ukoo wa walinzi na alikuwa ameshika pindo mara tatu. Watu wakapiga vigelegele. Mwinjuma alilivuta bega lake mbele, akageuza shingo kadiri ilivyoweza kugeuka, na alipoona rangi imetapakaa pale machozi yakamtoka bila aibu.

"Nimeng'aa," alisema. "Bi Somoe, umeona? Nimeng'aa."

"Nimeona," alisema Somoe. "Lakini mikono yangu imeteleza kwa wengi mno."

"Mikono inasema, taa inaonyesha," alisema Waziri. "Serikali inafuata taa."

Palepale pembeni pakasikika mtu akicheka. Mlangoni alikuwa amesimama mbuzi wa mwenye ghala, aliyekuja kulamba chumvi. Alikuwa amepita nyuma ya Somoe wakati wa kazi, na kama walivyo mbuzi, alitafuna alichokikuta. Midomo yake, ndevu zake na ncha ya pua vyote viling'aa kijani safi, kuliko hata bega la Waziri.

Somoe alimtazama mbuzi yule, kisha akalitazama pindo la juba lake, lililoliwa upande mmoja na kuchakazwa na viganja vya taifa zima. Akaelewa.

Baraza lilikutana mara moja kujadili jambo la mbuzi. Mjumbe mmoja alitaka aandikishwe kama mlinzi, kwa kuwa ushahidi ulikuwa wazi. Wa pili akauliza mbuzi huyo ni wa ukoo gani, na kama amezaliwa ndani ya mipaka. Wa tatu, aliyejulikana kwa busara, alipendekeza apewe joho la heshima bila zamu za usiku. Walikuwa wamefika kwenye kipimo cha joho Somoe aliposimama.

"Mbuzi hana kipokezi," alisema. "Ana meno. Alitafuna pindo langu, na pindo lina rangi ile ile iliyo mikononi. Nanyi mmelishika pindo hilo na kulilaza begani. Taa haijaonyesha mimi nimemshika nani. Imeonyesha nani amenishika mimi."

Waziri alikuwa wa kwanza kujibu. "Kwa hiyo unasema mapokezi yetu ni kosa?"

"Nasema yamenipotezea nusu ya rangi. Iliyobaki inatosha mara moja tu. Naomba nipite tena, na safari hii mtu asiniguse pindo."

Ukumbi ulilipuka. Mgeni asishikwe! Wazee walijifunika nyuso. Mheshimiwa Marahaba, ambaye hakupata kukasirika, alionekana ameumia, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulivumilia. "Mwanangu," alisema, "mgeni asiposhikwa ni tusi kwake na kwetu, na adhabu yake ni kubwa. Mkono uliokwisha kumshika mgeni, nao, hauruhusiwi kumwachia mpaka mgeni anywe uji. Hiyo ndiyo sheria, na siwezi kuipinda hata kwa ajili yako."

Somoe alikuwa na chaguo la kugomba, na aligomba vizuri alipotaka. Lakini ukungu ulikuwa unakaribia, na akili yake ilikuwa imekwama kwenye neno moja.

"Mheshimiwa," aliuliza taratibu, "kisheria, mgeni ni nani?"

"Mgeni ni yeyote aingiaye kwa mlango wa mbele, amevaa juba jeupe lililopigwa pasi."

"Yeyote?"

"Yeyote. Hatubagui."

Somoe akamgeukia Mwinjuma. "Watu wa mtaa wako waliobaki, wana majuba meupe?"

Mwinjuma alimkazia macho, kisha kwa mara ya kwanza tangu Somoe amjue, akacheka. "Wasiokuwa nayo watavaa mashuka," alisema.

Mtaa wa Utando uliamka kwa moto wa pasi. Wanawake walipiga pasi mashuka mpaka mikunjo ikakaa kama makali. Wakati huo Somoe alisimamia mabega ya walinzi yasuguliwe kwa dodoki na sabuni, rangi yote ya kwanza itoke. Wengine walilia wakidai wanavuliwa cheo. Mheshimiwa Marahaba alisuguliwa na yeye, kimya, macho yamefumbwa.

Jua likiwa bado juu, walinzi waliketi tena katika giza la ghala, na wageni wakaanza kuingia kwa mlango wa mbele. Aliingia mwashi wa ukuta amejifunga shuka. Akaingia mkunga, wakaingia wachuuzi wa mtaa, wote weupe pe, wamenyooka, wakisema hodi kwa sauti za watu wa mbali. Walinzi, kwa furaha isiyo kifani, waliwadaka. "Nashika! Nashika!" Kila mkono ukapata pindo, kila bega likalazwa nguo isiyo na rangi yoyote, na uji haukuwa umepikwa. Waziri aliitikia mpaka sauti ikakatika.

Ndipo Somoe akaingia, wa mwisho. Mikono kadhaa ilitapatapa kulielekea pindo lake, ikakuta imejaa tayari, ikatulia. Alipita safu baada ya safu, akivuta kidogo nguo ya mgeni pembeni na kuweka kiganja begani. Kiliteleza. Akaenda kwa mwingine. Kiliteleza. Kiliteleza kwenye bega la Waziri, kikateleza kwenye mabega ya ukoo mzima uliojigamba tangu enzi. Alihisi rangi inapungua viganjani kama maji kwenye kitambaa kinachokamuliwa, lakini hakuharakisha na hakuruka mtu.

Kisha mkono wake ukaganda. Lilikuwa bega la mlinzi mwanamke aliyeketi nyuma, amejifunga tena kitambaa kizito chini ya joho baada ya kusuguliwa, tabaka juu ya tabaka. Aliitwa Pili Machano, na alikuwa ametoka kifungoni kwa kosa la kuwasha homa.

"Kwa nini umeliziba, dada?" Somoe alimnong'oneza akilegeza kitambaa.

"Kwa sababu halinyamazi," alisema Pili. "Nawasikia, mama. Nawasikia kila siku, nimelala nawasikia, nikila nawasikia. Nilipolisema nikafungwa. Bora nizibe."

Somoe aliacha mkono wake pale kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kisha akaendelea. Uliganda kwa mwingine, na kwa mwingine tena, wachache, wametawanyika ovyo, kila mmoja amejifunga kitambaa. Alipofika mwisho wa ghala alibaki mtu mmoja, mpana, amepiga magoti.

Kiganja cha Somoe kilitua begani kwa Mwinjuma. Kikateleza.

"Rudia," alisema Mwinjuma.

"Bwana Mwinjuma..."

"Nakuomba. Mara moja tu."

Akarudia. Mikono ya Somoe haikujua kumpenda mtu wala kumwonea huruma. Iliteleza tena, ikaanguka ubavuni mwake. Ndipo taa ya buluu ikawashwa kwa mara ya mwisho. Ghala lilikuwa jeusi. Huku na kule, kama vimulimuli walioachana, mabega machache yaling'aa kijani.

"Taa imeharibika," alisema Mheshimiwa Marahaba gizani, kwa sauti ndogo.

Mwinjuma alikuwa amegeuza shingo tena kulitazama bega lake, na alilitazama muda mrefu. Alikuwa amesimama ukutani umri wake wote. Somoe alitazama viganja vyake mwenyewe; vilikuwa vimezimika kabisa.

Pili Machano alisimama ghafla. Kitambaa kilikuwa kimemwanguka miguuni, bega li wazi. Akainamisha kichwa, kama mtu anayeitwa na jirani kupitia dirishani.

"Wapo," alisema. "Wako ufani. Wengi." Kisha akajiziba mdomo kwa mkono na kumwangalia Waziri.

Wote wakamwangalia Waziri. Mzee yule alifungua kinywa kuitaja Sheria ya Utulivu, na pengine angeitaja yote, na vifungu vyake. Mwinjuma alikuwa ameshafika mbele. Alilivua joho lake la usimamizi, akamvisha Pili, ila akalikunja upande mmoja ili bega libaki wazi. Akatoa ufunguo wa lango kiunoni na kumtia mkononi.

"Dada," alisema, "hili bega langu ni nyama tupu. Lakini koo ninalo. Wewe sikia. Ukisikia, niambie mimi."

"Watatufunga, kaka."

"Watufunge wakipona."

Walitoka wakikimbia, wale wachache wenye mabega ya kijani wakimfuata Pili, na wageni wa uongo, na mashuka yao, nyuma yao. Walinzi wengine walibaki wamekaa. Hawakuwa waoga, ila wageni walikuwa wamewaponyoka kabla ya uji, na hawakujua sheria inasemaje. Somoe alikimbia na yeye, ingawa kazi yake ilikuwa imekwisha na hakuwa na mng'ao hata wa kujimulikia njia.

Ufani ukungu ulikuwa umeshafika magotini. Hakikuonekana kitu. Pili alisimama, akafumba macho, bega limeelekea ukutani, na wenzake wakasimama kwa mstari kushoto na kulia. Mwinjuma aliinama mpaka sikio lake la kawaida, lile la kichwani, likawa karibu na mdomo wa Pili. Somoe alimwona Pili akinong'ona neno, mara moja, kwa hofu ile ya miaka yote.

Mwinjuma akajaza kifua hewa, akapiga ukelele.

Ulivuka Mtaa wa Utando, ukavuka uwanja wa mapokezi, ukaenda mpaka upande wa Ini na kurudi. Moto wa kwanza ukawashwa kilimani, halafu wa pili, halafu haikuwezekana tena kujua upi umewashwa na nani. Mheshimiwa Marahaba alitoka ghalani akijipepea kwa kanzu, jasho linamchuruzika mashavuni, akatazama nchi yake ikigeuka nyekundu. Na Uzimani, kwa mara ya kwanza tangu sheria ile ipitishwe, ikashikwa na homa.